Mhusika Wako Kwao Wapi?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Nathubutu kusema kwamba katika mambo yote anayopewa mtu wa kubuni, yaani jina, umbo, nguvu, silaha na akili, hakuna lililo kubwa kuliko kwao. Na ndilo jambo ambalo sisi wanafunzi hulifikiri kidogo kuliko yote. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaocheza mchezo wa wahusika siku za Jumamosi. Hata hivyo naomba walimu na wazazi nao wayasome, kwa sababu muhula huu jambo hili limeleta maneno makali kidogo katika bweni, na maneno yale hayakuhusu mchezo peke yake.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, nieleze kwa ufupi. Huchezwa na watu watano au sita pamoja na kiongozi mmoja, au hata zaidi kidogo. Kila mchezaji humbuni mtu wake akamwandika katika karatasi: nguvu zake kwa tarakimu, ujuzi wake, na mali aliyobeba. Kisha kiongozi husimulia. Atasema, kwa mfano, mmefika mtoni, daraja limekatika, na ng'ambo wamesimama watu wenye mikuki. Kila mmoja husema mtu wake atafanya nini, na dadu hutupwa ili ijulikane kama amefaulu au ameangukia majini. Mchezo wa namna hii uliuzwa mara ya kwanza huko Marekani mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, nao walioutunga ni Gary Gygax na Dave Arneson. Sisi hatuna kitabu chao. Tuna daftari, dadu mbili za ludo, na kanuni tulizopokea kwa mdomo kutoka kwa waliotutangulia, nyingine zimeharibika njiani. Hauna fedha wala kamari. Tena hatuchezi wakati wa kujisomea usiku, na mwalimu wa zamu aweza kunishuhudia, maana ametuchungulia mara nyingi.

Basi, mchezo ulipoanza upya muhula huu tulikuwa tisa, na katika karatasi tisa, saba ziliandikwa kwamba mtu huyu ametoka katika nchi ya theluji yenye ngome za mawe. Waliowabuni watu hao ni watoto wa Kanyigo, Nshamba, Kamachumu, Biharamulo na kwingineko, ambao barafu wameiona ndani ya friji tu. Silaumu mtu kwa kupenda vya mbali. Mimi mwenyewe hupenda kusoma habari za mbali, na mtu asiyependa kusafiri kwa fikira namwonea huruma. Lawama yangu ni nyingine: katika wale saba hapana hata mmoja aliyekuwa na kwao. Walikuwa na neno "theluji" limeandikwa mahali pa kwao, basi.

Ushahidi ulionekana Jumamosi ya kwanza. Kiongozi aliuliza kila mtu amekula nini asubuhi kabla ya safari. Saba wakajibu, "Mkate." Akauliza, mkate wa nafaka gani, na nani aliuoka? Kimya. Akauliza wanapoingia nyumba ya mzee wasiyemjua huanza kusalimia vipi, husimama au hukaa, hutoa silaha au huingia nazo? Mmoja akasema, "Namwambia shikamoo." Tulicheka sana, lakini jibu lile lilikuwa na akili kuliko mengine yote, kwa sababu ndilo peke yake lililotoka kwa mtu anayejua nyumba ya mzee ilivyo.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kwao mtu si pambo la karatasi. Ni kitu kinachomwambia la kufanya wakati dadu bado ziko mkononi. Mtu wa kwao hasa hujua mvua ya mwezi gani itafunga njia, hujua chakula gani hakiozi safarini, hujua aape kwa jina gani, amwogope nani, na deni la baba yake liko kwa nani. Mchezaji akiyajua hayo, mhusika huanza kujiamulia mwenyewe. Asipoyajua, mhusika hungoja afundishwe na kiongozi kama kipofu anayeongozwa kwa fimbo, na kila akikutana na shida hutoa upanga. Angalieni, watu wa nchi ya theluji bwenini mwetu wametoa upanga mara nyingi hata mbele ya mwanamke aliyekuja kuwauzia ndizi.

Wengine hujibu kwamba nchi za theluji ndizo zilizoandikwa vitabuni, kwa hiyo ndizo zinazofaa. Tumtazame basi aliyeziandika akajulikana kuliko wote. J. R. R. Tolkien alizaliwa mwaka 1892 Bloemfontein, Afrika Kusini, lakini alipelekwa Uingereza akiwa mtoto mdogo, akakulia karibu na mji wa Birmingham. Vitabu vyake vya The Lord of the Rings vilitoka mwaka 1954 na 1955. Yule bwana alikuwa mwalimu wa chuo kikuu aliyefundisha lugha za kale za Uingereza, na watu wake warefu na wafupi, mazimwi yake na pete zake, alivichota katika hadithi za kale za nchi zile za kaskazini. Na kile kijiji chake cha watu wafupi wapenda kula alikichora kwa kukumbuka mashamba ya utotoni mwake. Kwa hiyo anayemwiga Tolkien kwa kuchukua theluji yake hamwigi hata kidogo. Amwigaye ni yule anayekwenda kwa babu yake na daftari.

Na hapa watu husema, "Kwetu pana nini? Migomba na kahawa." Neno hili nimelisikia mara nyingi hata limenichosha. Nitalijibu polepole kidogo, na mhariri anisamehe kwa kurasa nitakazotumia.

Kilomita chache kutoka mjini Bukoba, upande wa Maruku, pana kijiji kinachoitwa Katuruka. Wazee wa pale walikuwa wakisimulia habari za mfalme Rugomora Mahe wa Kyamutwara na wahunzi wake, na jinsi alivyoamuru ujengwe mnara wa chuma wa kufika mbinguni. Mtaalamu mmoja wa mambo ya kale kutoka Marekani, Peter Schmidt, aliyafuata masimulizi yale, akachimba mahali wazee walipomwonyesha, na chini ya ardhi akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya kale sana kupita hata huyo mfalme. Mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery waliandika katika gazeti la kisayansi la Marekani kwamba watu wa pwani hii ya ziwa walikuwa wakiyeyusha chuma kwa ufundi wa hali ya juu zaidi ya miaka 1500 iliyopita. Wazee wahunzi walijenga tena tanuri kwa kukumbuka walivyofanya ujanani. Walichoma kwanza matete ya kinamasini ndani ya shimo la tanuri, na makaa ya matete yale yakasaidia kukigeuza chuma. Je, msomaji, umewahi kusikia katika hadithi yoyote mhunzi mwenye siri nzuri kuliko hiyo? Mtu wa kubuni aliyetoka katika ukoo wa wahunzi wa Katuruka hahitaji upanga wa uchawi. Anajua matete yapi ya kukata, na maadui zake wanalitaka neno hilo moja tu.

Tukienda magharibi tunaingia Karagwe kwa Wanyambo. Mwezi wa Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika kwa mfalme Rumanyika wakitafuta chanzo cha mto Nile. Grant aliugua mguu hata akaachwa nyuma pale kwa miezi kadhaa, mwenzake akaendelea na safari kwenda Buganda. Mfalme yule alikuwa na hazina ya vitu vya ufalme, na ndani yake walikuwamo ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma. Mimi ni mtoto wa Kiziba, lakini mtu wangu wa kubuni ni mchunga ng'ombe wa Karagwe katika siku zile, naye ameagizwa kumpelekea yule Mzungu mgonjwa maziwa kila asubuhi, akae akisikiliza anachosema. Kwa ajili ya mtu huyo nimelazimika kumsumbua mwenzangu wa Kyerwa kwa maswali ya ng'ombe: wanakunywa wapi wakati wa kiangazi, nani hukamua, chombo huoshwa kwa nini. Amenijibu mengine, mengine ameandika barua nyumbani kuuliza.

Na wale wapendao vita na majini, wasivuke bahari. Katika wilaya ya Muleba kipo kisiwa cha Bumbire. Mwezi wa Aprili 1875 Stanley alifika pale kwa mashua yake akitafuta chakula, wenyeji wakaivuta mashua nchi kavu na kumnyang'anya makasia, naye akaponyoka kwa kupiga bunduki. Mwezi wa Agosti mwaka uleule alirudi na mitumbwi mingi na askari, akakaa majini mbali kidogo na ufuko mahali mishale isipoweza kumfikia vizuri, akawapiga risasi watu waliosimama pwani. Tunajua hayo kwa sababu aliyaandika mwenyewe kwa kujisifu, na habari zilipofika Uingereza watu wengi walimlaumu. Jambo lote lile limeandikwa na mtu aliyekuwa ndani ya mtumbwi. Yule aliyesimama pwani hakuandika. Sasa niambieni: mchezaji anayetafuta mtu wa kumwingia moyoni, kwa nini akatafute mlinzi wa ngome ya mawe, wakati yuko kijana wa Bumbire aliyelificha kasia moja la Stanley chini ya majani ya mgomba na hajui alifanyie nini?

Nimetaja chuma, ng'ombe na vita. Sijataja mushonge, nyumba ile ya mviringo iliyoezekwa nyasi kutoka kilele mpaka chini, ambayo ndani yake kila mtu na kila kitu kilikuwa na mahali pake. Sijataja kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, anayopewa mgeni aitafune kabla ya neno lolote. Wala senene, ambao wakija usiku hapana mtu anayebaki na heshima zake, hata mwalimu mkuu. Sijataja waimbaji wa enanga waliosimulia habari za mashujaa usiku kucha kwa ala ya nyuzi.

Lakini na mimi nina masharti yangu, nisije nikadhaniwa nauza kila kitu cha kwetu kwa bei ya rejareja.

Kwanza, "Afrika" si kwao mtu. Hata "Uhaya" ni neno pana mno kwa mtu wa kubuni wa zamani zile. Kiziba walitawaliwa na ukoo wa Babito, wanaohusishwa na Bunyoro. Ihangiro, ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo Muleba ya leo, walitawaliwa na Bahinda waliojihesabu kuwa wana wa Ruhinda, kama watawala wa Karagwe. Mtu wa Kiziba akiwekwa Ihangiro ni mgeni, na ugeni wake ndio utamu wa hadithi. Ukivichanganya vyote katika chungu kimoja, utamu umekwisha.

Wengi wameiona ile sinema ya Black Panther ya mwaka 2018, iliyoonyeshwa hata Kisumu, ng'ambo ya ziwa hili hili. Nchi yake ya Wakanda ni ya kubuni, nao watu wake husema Kixhosa cha Afrika Kusini, huvaa mablanketi ya Basotho, kofia za Kizulu na mavazi yaliyofanana na ya Wamasai, wote katika mji mmoja. Baadhi ya wenzangu wamewabuni watu wao kwa mfano huo: jina la Kizulu, mkuki wa Kimasai, mungu wa Misri. Mimi naona ule mchanganyiko ulikuwa na sababu yake kule ulikotungwa. Wamarekani weusi walinyimwa hata kujua mababu zao walichukuliwa kutoka kijiji gani, basi walipojijengea kwao walichukua kutoka kila mahali, na nani atawalaumu? Sisi tunaoweza kupanda basi siku ya kufunga shule tukashuka mbele ya kibanja cha babu hatuna sababu hiyo.

Sharti langu la pili ni hili: anayechukua kwao amchukue mzima, pamoja na vidonda vyake. Sisi Wahaya tuna jina la kujisifu, na jina hilo hatukulipata bure. Nimeona karatasi ya mhusika wa Kiziba ambamo kila mtu ni mwana wa mfalme. Nani basi alilima? Palikuwako nyarubanja, utaratibu ambao mtu alilima shamba alilolizoea tangu kuzaliwa kwake naye akawa mpangaji tu wa bwana, akimpa sehemu ya mazao na kazi. Mpaka Serikali ya Tanzania huru ilipouondoa kwa sheria katika miaka ya 1960. Machifu nao waliondolewa mwaka 1963. Mhusika anayelima nyarubanja ya mtu mwingine ana mambo mengi ya kufanya kuliko wana wa wafalme kumi, ambao bwenini kwetu hawafanyi lolote ila kukasirika wakisahauliwa kusalimiwa.

La tatu ni nyeti zaidi, nami nitaligusa kwa adabu. Wako wenzangu wanaotaka kucheza kama Mugasha, bwana wa ziwa na tufani, au Wamara, au Irungu wa porini. Wazazi wengine hawatapenda kwa sababu ya dini zao. Na wazee wengine hawatapenda kwa sababu ile nyingine, kwamba majina hayo kwao si ya kuchezea. Nawaheshimu wote wawili. Naona yatosha mhusika awe mvuvi ambaye akiona wingu jeusi juu ya ziwa hukumbuka jina la Mugasha akanyamaza. Ukimya wa mvuvi huyo una nguvu kuliko kumtupia Mugasha dadu.

Sasa nafika kwenye maneno makali niliyoyataja mwanzoni.

Kati ya wale wawili ambao hawakuandika theluji, mmoja ni mimi. Wa pili ni mwenzetu ambaye wazazi wake walitoka Ukerewe, wakaja kufanya kazi ya uvuvi na biashara ya dagaa katika visiwa vya Muleba, naye akazaliwa huko huko. Aliandika kwamba mtu wake ni wa Ihangiro, mjenzi wa mitumbwi. Mmoja katika kikundi akamwambia, "Wewe si wa huku. Chukua kwenu." Mwingine akaongeza kwa upole, akidhani anasuluhisha, kwamba kama hataki matata aichukue nchi ya theluji, maana ile ni ya wote.

Wasomaji wapendwa, lipimeni neno hilo. Mtoto wa Kanyigo aliruhusiwa kuwa mtu wa barafu bila kuulizwa cheti cha kuzaliwa. Hakuna aliyemwambia, "Wewe si wa theluji." Lakini mtoto aliyezaliwa Muleba, aliyejifunza kuogelea Muleba, alizuiwa kuwa mtu wa Muleba hata katika mchezo. Maana yake ni kwamba theluji tunaiona kuwa kitu cha dukani, na kwetu tunapaona kuwa urithi wa damu. Cha dukani kila mtu anunue, cha damu afungiwe nje asiyezaliwa nacho. Mimi nayakataa yote mawili. Theluji nayo ni kwao watu, wenye mababu na makaburi, yafaa iulizwe kwa heshima. Na Ihangiro si mali ya mtu yeyote bwenini.

Tena hao waliosema vile hawakuijua historia ya mahali walipopafunga. Mapokeo ya Wakerewe yanasema kwamba ukoo wa Wasilanga, uliotawala Ukerewe, uliongozwa na Katobaha kutoka Ihangiro ukavuka ziwa mpaka kisiwani. Kumbe yule mwenzetu alipoandika Ihangiro alikuwa akiirudia njia iliyopitwa karne nyingi kabla yake, ila kwa upande wa pili. Lugha ya Kikerewe na Kihaya ni ndugu. Jaribuni kumsikiliza akihesabu, mtaelewa.

Hata hivyo sitaki kumtetea kwa Katobaha peke yake, kwa sababu kama haki yake ingetegemea Katobaha, basi mwenzetu wa Geita au wa Kigoma asiye na Katobaha atakosa. Namtetea kwa kazi yake. Yeye alikuwa ndiye peke yake kati ya wale tisa aliyekuja na ukurasa mzima. Alikuwa amemuuliza mzee mmoja fundi mitumbwi jinsi mbao zinavyochaguliwa na kwa nini mtumbwi mpya hauingizwi majini siku yoyote tu. Waliomzuia walikuja na neno moja, nalo ni majina ya koo zao.

Tunaye katika mkoa wetu mfano mzuri. Profesa Mugyabuso Mulokozi ni mwana wa huku, na amefanya kazi kubwa ya kukusanya na kuchambua tenzi za enanga za Wahaya. Lakini alipotunga tamthilia yake ya Mukwava wa Uhehe, iliyotoka mwaka 1979, na baadaye riwaya ya vijana ya Ngome ya Mianzi, hakumchukua shujaa wa Bukoba. Alikwenda Uhehe, kwa Mkwawa aliyewashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891. Sijasikia mtu wa Iringa akimwambia, "Wewe si wa huku, chukua kwenu." Na yuko Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kitabu kikubwa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kikachapwa kwa Kiswahili mwaka 1980, karibu miaka thelathini na mitano akikingoja. Ndani yake mna namna ya kuposa, kulima, kutibu na kupika, yote yamewekwa kwa uangalifu. Mtoto wa Bukoba anayetaka mhusika wa Kikerewe asikione haya kitabu hicho. Kikerewe si kwao, lakini kitabu kiliandikwa asome.

Najua walimu wetu wengine wana hofu ya upande mwingine. Wanasema shule za Serikali ziliwekwa watoto wa kila mahali pamoja ili mambo ya kabila yasahauliwe, na sasa ninyi mnayarudisha kwa mlango wa mchezo. Hofu hiyo ni ya haki, na yaliyotokea bwenini yaithibitisha. Lakini tuangalie ubaya ulikotoka. Haukutoka kwa aliyechagua kwao kwa wengine. Ulitoka kwa waliotaka kila mtu akae kwao. Kama mtoto wa Kiziba atalazimika kumuuliza Mnyambo, na Mkerewe kumuuliza fundi wa Muleba, na Msukuma wa Biharamulo kuniuliza mimi juu ya migomba, hapo kabila limegeuka kuwa swali la kirafiki. Mwalimu gani angelikataa hilo? Napendekeza kanuni moja tu kwa kikundi chetu: anayetaka kwao fulani, awe ni wa pale au si wa pale, alete kwanza habari aliyoipata kwa mtu anayepajua, kwa kuuliza au kwa kusoma. Mwenyeji naye asisamehewe. Wako wenyeji wengi hawajui matete.

Na kwa yule asiyetaka kwao palipo katika ramani, njia iko wazi. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, nchi iliyoko angani, yenye wajumbe waliotumwa pande zote nne na mbinguni na ardhini. Hakuna mtu wa Tanga wala wa Bukoba anayeweza kusema nchi ile ni yake. Lakini someni: ina sheria, ina baraza, ina washitaki na wafungwa, na kila kitu ndani yake kina sababu. Nchi isiyokuwapo hudai kazi nyingi kuliko iliyopo, kwa sababu hapana babu wa kumuuliza.

Kikundi chetu kilikaa juu ya jambo hili majuma mawili yaliyopita, mbele ya kiranja wa bweni. Wanne katika wale saba wameifuta theluji kwa hiari yao. Mmoja ameandika Bugabo, mmoja Missenyi, mmoja pori la Burigi, na wa nne bado anabishana na mama yake kwa barua. Watatu wamebaki na theluji, nao wameambiwa watafute maktabani huko watu huoka mkate wa nafaka gani. Mmoja amekwisha kuleta jibu, shayiri nyeusi, na amelieleza vizuri hata nikamwonea wivu. Aliyesema "wewe si wa huku" hajasema neno jingine, lakini Jumamosi iliyopita mhusika wake alihitaji kuvuka kwenda Bumbire, na mtu pekee mwenye mtumbwi alikuwa yule mjenzi wa Ihangiro. Walipatana nauli kwa mafungu mawili ya kahawa ya kutafuna. Wako majini sasa, upepo umeanza kuvuma kutoka kusini, na kiongozi wetu amekataa kutuambia zaidi mpaka mitihani ya majaribio imalizike.